Namba ya Papai

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, mashine ya serikali ilithibitisha kwamba papai la Tunu ni mtu mwenye fahamu zake.

Lilipata ishirini na saba. Kama hujui ishirini na saba ni nyingi kiasi gani, mwaka uliotangulia mbunge mmoja mstaafu aliyeanguka bafuni alipata kumi na tisa, na familia yake ikachinja mbuzi kwa furaha.

Mcharo alikitazama kioo, akalitazama papai, akakirudia kioo. Taa ya kijani inawaka, na chini yake neno moja: YUPO.

"Nani yupo?" Tunu aliuliza.

"Papai lako."

"Basi bei imepanda. Siuzi watu kwa bei ya matunda mimi."

Mcharo alikuwa fundi wa spika. Harusi, msiba au mkutano wa injili pale Mbaga Mpya, spika zilipita kwanza mikononi mwake. Kidato cha nne alitoka na alama nzuri ya fizikia na alama za kuficha katika mengine yote, na tangu hapo duka lake likawa kijiwe cha watu wasio na shahada wanaobishania mambo ya wenye shahada: wakati ulianza lini, ulimwengu una ukingo au hauna, fahamu ya mtu inakaa sehemu gani ya kichwa. Pale kulikuwa na sheria moja. Ukileta jibu, wenzako wana siku nzima ya kulibomoa, na huruhusiwi kununa. Tunu, muuza matunda wa banda la jirani, ndiye aliyekuwa mbomoaji mkuu. Alishawahi kumliza mwalimu wa jiografia.

Mashine iliyokuwa mezani jina lake la vitabuni lilikuwa Kipimo cha Uwepo, ila watu walisema Kioo. Ilikuja miaka sita nyuma kulimaliza lile swali la fahamu. Mgonjwa asiyeamka anavalishwa kofia yenye nyaya. Ndugu yake anakaa kando ya kitanda, mbele ya maikrofoni, anamsalimia. Kioo kinasikiliza salamu upande huu na kichwa upande ule, kinaangalia kama kichwa kinaifuata salamu inavyopanda na kushuka. Kikifuata, kuna mtu mle ndani. Kumi kwenda juu, yupo. Chini ya kumi kwa siku arobaini, hayupo, na daktari anaweka sahihi, mashine ya kupumulia inazimwa, kitanda anapewa mwingine. Sheria ilipita bungeni kwa makofi.

Nyumba ya Uwepo ya pale mjini ilikuwa imemletea Mcharo Kioo kimoja kilichovunjika gurudumu. Gurudumu tu. Hakuna aliyemtuma akiwashe. Lakini fundi gani analetewa mashine inayojua mtu alipo, akaishia kwenye gurudumu? Alitafuta kitu chenye majimaji na ukubwa wa kichwa, akakivalisha kofia, na Tunu kwa utundu wake akainama kwenye maikrofoni akalisalimia papai kama anavyomsalimia bibi wa Kipare aliyeshuka mlimani siku ya gulio:

"Shikamoo, papai. Habari za nyumbani? Wazee hawajambo? Na watoto? Ng'ombe je, wanapata majani? Maji ya mfereji yameshafika shambani kwenu? Na yule jirani aliyekuwa anaumwa mguu, anaendeleaje?"

Ishirini na saba.

"Kuna kitu tumekosea," alisema Tunu, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Tubomoe."

Wakabomoa. Walitoa papai, wakaweka tofali bichi lililoloweshwa maji. Tofali lilipata ishirini na nne. Wakaweka sufuria ya maji. Thelathini na moja! Sufuria ilikuwa na akili kuliko mbunge. Mcharo akasema "Mambo vipi" na kunyamaza. Sufuria ikashuka hadi mbili. Akaongea haraka bila kupumua, ikabaki tatu. Tunu akarudia salamu ndefu, ile ya kuuliza na kusubiri, kuuliza na kusubiri, na namba ikapanda kama maziwa jikoni.

Ndipo Mcharo akachukua wembe akaupasua waya mnene unaotoka kwenye Kioo. Ndani aliona kitu ambacho angemfukuzia mwanafunzi wake kazi. Waya wa maikrofoni na nyaya za kofia zimelazwa pamoja ndani ya mpira mmoja, zimegusana ubavu kwa ubavu urefu wa mita tatu, bila hata karatasi ya bati ya kuzitenga.

"Inavuja," alisema. "Sauti inavuja kutoka huku kwenda huku. Kila siku nazifukuza hizi kwenye spika za kwaya. Kioo hakisikii kichwa, Tunu. Kinamsikia anayesalimia. Kinapokea salamu ile ile mara mbili, kinashangilia kwamba zinafanana."

"Na huko kilikotengenezwa hawakuona?"

"Maelekezo yake yameandikwa hapa. Huko mtu anasema neno moja kumwita mgonjwa, ananyamaza. Neno moja likivuja halifiki popote. Sisi ndio tunaouliza mpaka habari za ng'ombe."

Tunu alilivua papai kofia, akalipangusa na kanga polepole. Kisha akauliza swali ambalo Mcharo alikuwa analikimbia tangu tofali lilipoitwa mtu.

"Nakijwa ana ngapi?"

Dada yake Mcharo. Huu mwezi wa nane amelala Nyumba ya Uwepo, kitanda cha nne, tangu pikipiki ilipomrusha kwenye mtaro.

"Thelathini na nne," alisema Mcharo.

* * *

Jumatano alikwenda wodini na mama yake kama kawaida, kwa sababu hakujua jinsi ya kutokwenda.

Mama Nakijwa alivuta kiti, akalaza kitenge magotini, akaanza. "Hujambo, mwanangu? Umeamkaje?" Akasubiri. "Mimi mzima. Miguu tu hii, unaijua." Akasubiri. "Yule ng'ombe mwekundu amezaa jana. Ndiyo! Jike. Nimesema jina utalitoa wewe." Akacheka, akanyamaza akiwa ameinamisha sikio, kama mtu anayesikiliza jibu kutoka chumba cha pili. Taa ya kijani ikawaka. Thelathini na nne. Mama akageuka na uso uliong'aa.

"Umeona? Leo amefurahi. Nilijua habari ya ndama itamfurahisha."

"Ndiyo, mama."

Mcharo alisema hivyo. Na kwa kuwa hakuweza kumtazama mama yake, akatazama kitanda cha saba.

Hapo alilala mwanamume wa miaka hamsini hivi, aliyeokotwa barabarani baada ya lori la mkonge kupinduka. Hakuwa na karatasi mfukoni. Kwenye ubao wa kitanda waliandika BILA NDUGU, na chini yake SIKU YA 39. Muuguzi alikuja na kadi, akainama kwenye maikrofoni, akasoma kama anayesoma bei ya sukari: "Habari. Unanisikia? Asante." Akatazama kioo, akaandika: mbili. Akaondoka. Sekunde nane, na mtu mzima amekosekana duniani.

Hasira ya Mcharo haikuja kwa kishindo. Ilianzia miguuni, ikapanda, na ilipofika kichwani alikuwa tayari amesimama ukumbini mbele ya Daktari Roziana Mgonja, mkuu wa ile nyumba.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Gurudumu limekwisha?"

"Limekwisha. Daktari, Kioo chenu kinasema papai ni mtu."

Alimweleza yote, waya, tofali, sufuria, salamu. Daktari Mgonja alisikiliza mpaka mwisho. Hilo Mcharo hakulitegemea, na lilimuudhi zaidi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kukatizwa.

"Wewe umesomea nini, kijana?"

"Spika."

"Kioo kimethibitishwa na vyuo vikuu tisa."

"Kuna kimoja kilijaribu papai?"

Daktari aliangalia huku na huku, akamvuta kando ya dirisha. "Nisikilize. Kabla ya Kioo nilikuwa naamua mimi, kwa macho yangu haya. Ndugu wananisubiri mlangoni, huyu analia, yule ana panga. Leo wanatazama namba, wanaelewa, wanakwenda kuzika. Na mwezi ujao inakuja chanjo ya homa ya mbu. Ukisimama sokoni useme mashine ya serikali haijui papai na mtu, nani ataleta mtoto wake kuchomwa? Wale wanaosema sindano zetu zina sumu utawapa spika bure. Hilo umelifikiria?"

Alikuwa amelifikiria. Ndilo lililomkosesha usingizi. Aliwajua hao watu. Mmoja alikuja kijiweni kuthibitisha kwamba mwezi ni bati, wakambomoa kwa saa tatu na bado akaondoka akicheka. Kuuliza kwao na kuuliza kwake, kwa mtu wa mbali, kulifanana kabisa.

"Nimefikiria," alisema. "Kwa hiyo tusiulize kwa sababu wajinga watasikia? Kesho saa tano mnamzima mtu kwa sababu hana shangazi! Hiyo ndiyo sayansi?"

"Punguza sauti. Dada yako ana thelathini na nne. Unajua maana yake? Nikikubali maneno yako kuhusu kitanda cha saba, nimeyakubali na kuhusu kitanda cha nne. Nenda nyumbani, mwanangu. Kamwangalie mama yako vizuri, halafu uniambie kama bado una swali."

* * *

"Njia ipo rahisi," Tunu alisema alasiri ile, akimenya chungwa ambalo hakuna aliyelinunua. "Kesho mimi ni binamu wa kitanda cha saba. Nakaa, namsalimia dakika kumi, anapata thelathini, kikao cha kumzima kinafungwa. Mama yako hajui kitu, daktari hasemi kitu, chanjo inachomwa."

Mcharo aliupenda mpango huo kwa muda wa kama nusu dakika.

"Na keshokutwa?"

"Nakuwa binamu wa mwingine."

"Wilaya nzima? Na Moshi? Na Lindi? Kila nyumba yenye Kioo ina mtu wa kadi. Utakuwa na ukoo mkubwa kuliko wa mfalme." Aliipiga meza mpaka bisibisi zikaruka. "Na wale ambao wameshazimwa, Tunu? Hao nani aliwasalimia? Wamepoteza uhai kwa kukosa umbea wa ng'ombe! Halafu nikae na siri hiyo, nimtazame mama kila siku anaongea na waya?"

"Sasa unanifokea mimi?"

"Nafoka tu."

"Foka ukiangalia ukuta, basi." Alimtupia nusu ya chungwa. "Kwa hiyo utamwambia mama yako leo, kabla ya kikao."

"Nitamwambia."

Akaenda nyumbani. Akamkuta mama anamkamulia ndama maziwa, anaimba. Hakumwambia.

* * *

Kikao cha siku ya arobaini, kwa sheria, hufanyika wodini mbele ya yeyote anayetaka kuja, na daktari lazima aulize mara tatu: nani anamjua mtu huyu? Alhamisi saa tano walikuwepo muuguzi, karani mwenye mhuri, na ndugu wa wagonjwa wengine wanaojifanya hawatazami. Mama Nakijwa alikuwa palepale kitanda cha nne, amemaliza salamu zake. Thelathini na nne.

"Nani anamjua mtu huyu?" aliuliza Daktari Mgonja.

Karani akalowesha mhuri wino.

"Nani anamjua mtu huyu?"

"Mimi simjui," alisema Mcharo kutoka mlangoni, "na Kioo hakimjui pia."

Akaingia na papai kwapani. Tunu nyuma yake. Watu wakaanza kucheka, na Mcharo aliwaacha wacheke. Alishazoea kuchekwa, kilichomkera ni kwamba walikuwa wanacheka huku kalamu iko mkononi mwa daktari.

"Livalisheni papai hili kofia. Kioo chenu wenyewe, sijakigusa. Mtu mmoja alisalimie kama anavyosalimiwa mgonjwa. Likipata chini ya kumi, niitieni polisi."

"Mtoeni," alisema karani.

"Subiri." Daktari Mgonja aliitazama kalamu yake. Huenda na yeye hakulala. "Ikiwa tutafanya, hasalimii fundi. Wala huyu muuza matunda. Mmeshafanya mazoezi, nyie."

"Nitalisalimia mimi."

Ilikuwa sauti ya mama yake. Mama Nakijwa alikuwa amesimama, kitenge kimeanguka miguuni.

"Mama, wewe hapana," alisema Mcharo.

"Mimi ndiyo! Dada yako amelala hapa anasikia kila neno, wewe unakuja na matunda kuwafanyia watu sarakasi! Leteni hilo papai. Nilisalimie lipate sifuri, halafu utoke humu ndani, na nyumbani usije mpaka umepata adabu."

"Mama, nakuomba, mtu mwingine yeyote..."

"Nyamaza."

Muuguzi alimvua kitanda cha saba kofia, akalivalisha papai, mezani, chini ya dirisha. Mama alivuta kiti. Mwanzoni alisema kwa hasira, "Haya, hujambo wewe papai," na watu wakacheka, na Kioo kikatoa nne. Mcharo akaona bega la daktari likishuka kwa nafuu.

Lakini Mama Nakijwa alikuwa mwanamke wa haki. Kama jaribio ni kusalimia, atasalimia. Akajiweka sawa kitini. Akalegeza uso. Na kwa kuwa kwa miezi minane hakuwa na salamu nyingine ila moja, ndiyo iliyomtoka.

"Umeamkaje?" Akasubiri. "Mimi mzima. Miguu tu hii." Akasubiri. "Ndama hajambo. Jana amenyonya vizuri." Akainamisha sikio. "Nyumbani wote wanakusalimu. Mfereji umefunguliwa jana, zamu yetu ni Jumamosi..."

Kicheko kilikatika. Mama alikuwa bado anaongea, amekipa kioo mgongo, na watu wote wodini walikuwa wanatazama juu ya bega lake. Kumi na mbili. Ishirini. Ishirini na tisa. Taa ya kijani. YUPO.

Ilipofika thelathini na nne ikatulia.

Mama aligeuka. Aliisoma namba. Aliisoma tena, akigusa kila tarakimu kwa macho. Kisha akatazama kitanda cha nne.

Karani alikuwa ameshika mhuri hewani, hajui aushushe wapi. Daktari Mgonja alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha saba, kando ya miguu ya yule mtu asiye na jina, jambo ambalo madaktari hawafanyi.

"Kumi na mmoja," alisema, bila kumwambia mtu. "Mwaka huu peke yake nimesaini kumi na mmoja." Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. "Kikao kimesimama. Hakuna anayezimwa katika nyumba hii mpaka tujue tunapima nini. Mwandikie wizara, karani. Andika na papai."

Mcharo alikuwa ameshinda. Kwa kanuni za kijiweni hapo angeinua mikono, apigiwe makofi. Alimsogelea mama yake.

"Mama."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Jumanne." Sauti yake ilikuwa ndogo na kavu. "Jana ilikuwa Jumatano. Jana nimekuja hapa nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikakuuliza, umeona amefurahi? Ulinijibu nini?"

Mcharo aliitazama taa ya kijani.

"Ulinijibu nini, Mcharo?"

"Nilisema ndiyo, mama."

"Ulisema ndiyo." Alitikisa kichwa. "Hao wengine niliwategemea wanidanganye, wana mishahara yao. Wewe ulikuwa na ukweli wa mashine mkononi, ukanisubirisha mpaka watu wajae."

Alingojea ajibu. Alimsubiri kwa heshima ileile, sikio limeinama, muda mrefu kuliko Kioo chochote kingevumilia. Tunu, nyuma, alikuwa anatazama sakafu. Alipoona hakuna kinachokuja, Mama Nakijwa alimpita mwanawe, akaenda kitanda cha nne. Akaishika ile kofia ya nyaya, akaivuta taratibu kutoka kichwani mwa Nakijwa. Nywele za chini yake zilikuwa zimeota vifundo, zimelala kwa alama za vifungo.

"Daktari," alisema, "niletee kitana na mafuta. Nataka kumsuka mtoto wangu."

Muuguzi akakimbia. Mama akakaa kitandani, akakipakata kile kichwa, akaanza kuzitenga nywele kwa vidole, fundo baada ya fundo, midomo ameifumba. Hakumsalimia. Hakumwambia chochote.

"Na wewe," alisema bila kuinua macho, "toka. Chukua na papai lako."